Ukuta wa Mama Kimya, na Wale Waliokuja na Koleo

Ndugu, majirani na marafiki, mliopata viti na mliosimama nje kwa kukosa nafasi, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, fundi wa majokofu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kimya. Mpwa wangu, binti wa marehemu, alinisihi asubuhi ya leo nisome polepole na nisikasirike. Nitasoma polepole.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mpiga chapa na mama mshona mapazia, na kwa kuwa nyumba ilikuwa finyu na sisi tulikuwa wengi, alianza mapema sana kupanga vitu, viatu chini ya kitanda, vikombe rafuni, na sisi wadogo zake kwa vimo kwenye foleni ya kuoga, foleni ambayo kuivuruga ilikuwa ni kujitafutia makubwa. Baba alikuwa akisema nyumba ile ina wakubwa watatu, mama, dada, halafu yeye.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1960 na kuimaliza mwaka 1966, akajiunga na sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, na huko ndiko mwalimu wa historia alikowachorea ubaoni ukuta ambao Warumi wa kale waliujenga kwenye mpaka wa dola yao, kaskazini kabisa, kwenye mvua na baridi, kutoka pwani moja hadi nyingine, ukilindwa na askari waliotolewa mbali, wengine wapiga mishale kutoka Shamu, yaani Siria ya leo, ambao nadhani hawakuwa wamewahi kuvaa soksi maishani mwao. Dada alirudi nyumbani akatusimulia hadi chakula kikapoa. Vita havikumshughulisha hata kidogo, alitaka kujua nani alioka mikate, nani alishona viatu, na nguo za hao walinzi, kwa mvua ile, zilianikwa wapi, na baba, aliyekuwa na gazeti mkononi, akamwambia, "Mwanangu, kamuulize mwalimu wako, mimi hapa niache nisome." Alimuuliza mwalimu. Mwalimu hakujua, na ndiyo maana dada akawa mkutubi.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ukutubi, aliajiriwa mwezi Februari 1974 katika maktaba ya mji, jengo lile lenye ngazi za mawe zilizolika katikati, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2012, akianzia kwenye meza ya kuazimisha vitabu na kumalizia akiwa mkuu wa maktaba. Jina la Mama Kimya alipewa na wasomaji kwa sababu ya kile kibao cha KIMYA kilichokuwa mezani pake, na walimpa kwa dhihaka, kwani ndani ya jengo lile hapakuwa na mtu aliyeongea kumzidi yeye. Uliingia kuulizia kamusi, ukatoka baada ya saa nzima ukiwa na kamusi, na vitabu viwili ambavyo hukuviomba, na habari kamili za shangazi yake mgonjwa.

Alifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1976, mbele ya msajili, na shemeji yetu marehemu, mpima ardhi, aliyekuja maktaba kuazima ramani ya zamani na kuichelewesha kila mara makusudi ili agombezwe, naye aligombezwa vya kutosha, mpaka wakaelewana. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1978 na wa kike mwaka 1981, na baadaye wajukuu watatu, ambao mmewaona pale mlangoni wakiwapa watu maji ya kunywa. Ndoa yao ilidumu hadi shemeji alipotangulia mwaka 2015, na mimi niliyekula kwao kila Jumapili sikuwahi kusikia hata siku moja wakigombana kwa jambo lisilokuwa la vitabu au vipimo.

Sasa nafika kwenye ukuta, na hapa naomba binti wa marehemu asinitazame.

Mwaka 2008 shule moja ya chekechea ilifungwa, na waliokuwa wakiisimamia wakaipa maktaba masanduku ya matofali ya plastiki, yale madogo ya kuchezea, yenye vinundu juu, unayoyabana moja juu ya jingine. Mtu mwingine angeyaweka kwenye kona ya watoto, mambo yakaisha. Dada aliyamwaga kwenye meza ya chumba cha magazeti, akayatazama, akaona mengi ni ya kijivu, na wiki iliyofuata akabandika tangazo mlangoni kwamba maktaba inajenga mpaka wa Warumi, na kila anayetaka kujenga kipande chake anakaribishwa, awe mtoto, mzee, msomi au mpita njia.

Watu walikuja, na wengi wao wako humu ndani. Alikuja askari magereza mstaafu, akaomba ajenge minara ya lindo, kwa maelezo kwamba minara anaijua, na hakuna aliyebisha. Alikuja mfamasia wa duka la kona, walikuja mafundi, walimu na wanafunzi, na binti wa marehemu akajenga hamamu ya kuogea askari, yenye tanuri chini ya sakafu kama ilivyokuwa kweli. Kila mmoja alipewa ubao wa kipimo kimoja, akaenda nao nyumbani, akajenga kwenye meza yake ya kulia huku mwenzi wake akinung'unika, na siku ya kuunganisha kila mtu akaja maktaba amebeba ubao wake kifuani kama keki.

Swali lilikuwa vipande vya watu wasioonana vitashikanaje, na jibu alilitoa yeye na mumewe mezani kwao, nikiwapo. Ndani ya ubao wako jenga utakavyo, weka soko, weka zizi, weka askari anayelala lindoni, lakini kwenye ncha mbili za ubao ukuta lazima uwe na kimo kilekile na unene uleule, na barabara itokee mahali palepale, kisha kipande kitashikana na jirani yake kwa pini mbili tu za plastiki nyekundu, ambazo hata mtoto anaweza kuzivuta. Shemeji, aliyemaliza ujana wake akipima mipaka ya watu wazima, alisema huo ndio mpaka wa kwanza anaoujua ambao haujafikishwa mahakamani. Ncha zilijengwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na Mama Kimya alizikagua kwa rula, na kama umekosea tofali moja ulirudi nyumbani na ubao wako.

Mfamasia, na ninamtaja kwa ruhusa yake, alipita kwenye rula bila kosa, ncha zake zilikuwa safi kabisa, ila katikati ya ubao alijenga nyuma mbele, kwa hiyo kipande chake kilipoingia mahali pake tuligundua kuwa ngazi za kupandia ukutani, zile wanazopanda walinzi, zimewekwa upande wa adui. Tulicheka mpaka kibao cha KIMYA kikalazwa kifudifudi. Mfamasia alitaka kukibomoa kipande palepale kwa aibu, dada akamkataza, akasema, "Wee, acha! Hivi unadhani kati ya hao Warumi hakukuwa na hata mmoja wa namna yako?" Akasimamisha juu ya zile ngazi mwanajeshi mmoja wa plastiki mwenye ufagio, anayetazama chini kwa mshangao, na kuanzia siku hiyo watoto wote waliokuja maktaba walikimbilia hapo kwanza.

Mwaka baada ya mwaka ukuta ulikua, ukajaza chumba cha magazeti pande tatu, ukawa na ngome, mashamba, mkokoteni uliokwama kwenye tope la matofali ya kahawia, na nyuma ya kambi kamba iliyoanikwa nguo, kwa sababu swali lake la ujana hatimaye alilijibu mwenyewe. Alipostaafu hakuacha, alikuja kila Jumatano na brashi yake ya kupangusia vumbi. Wapo waliosema mama mtu mzima anacheza na midoli, na wengine wa hao ni wa ukoo wetu, na leo nimewaona wamevaa nyeusi na kulia kuliko wafiwa. Haya, lieni. Ila mjue kwamba alisikia.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2022, moyo ukawa hausukumi damu inavyotakiwa, miguu ikawa inavimba, akalazwa, akatoka, na mwezi Januari mwaka huu wa 2024 akalazwa tena na hakutoka. Na ni katika mwezi wa Februari, akiwa kitandani, ndipo lilipofanyika jambo ambalo nimeambiwa nilipite juu juu, nami nimekataa.

Meneja wa sasa wa maktaba, aliyefika mwaka juzi, na ambaye yumo humu, safu ya tatu, alihitaji chumba cha magazeti kwa ajili ya kompyuta, na sina ugomvi na kompyuta, marehemu mwenyewe aliziomba miaka mingi akiwa kazini. Kulikuwa na sherehe ya uzinduzi, kulikuwa na mgeni rasmi, na kulikuwa na haraka. Basi vikaletwa vikapu na koleo. Koleo, ndugu zangu, la kuchotea mchanga. Kazi ya miaka kumi na sita, ya mikono ya watu wengi, iliyotengenezwa makusudi ili iweze kutenganishwa bila kuvunjika mnara hata mmoja, ikachotwa, ikatiwa kwenye magunia, ikawekwa uani karibu na mapipa ya taka.

Ingetosha kuvuta pini. Ingetosha alasiri moja ya watu wachache wenye subira, kila ubao ungetoka mzima, ukapangwa stoo au ukarudishwa kwa mwenyewe. Na msiniambie hawakujua, kwa sababu kwenye miisho yote miwili ya ukuta marehemu alibandika maelezo kwa herufi kubwa, UKITAKA KUHAMISHA, VUTA PINI NYEKUNDU, nayo yalikuwa pale miaka yote hiyo, kwenye maktaba, jengo ambalo kazi yake ni kusoma! Hakuna aliyesoma. Wala hakuna aliyepiga simu, na namba za wajenzi wote zilikuwa mapokezi. Aliyetupa habari ni dada mfanya usafi, aliyeagizwa kushika koleo akalikataa, akatoka nje, akampigia askari magereza, na huyo mzee, kwa magoti yale, alipanda zile ngazi za mawe haraka kuliko inavyomfaa, akakuta gunia la mwisho linafungwa.

Sisi familia tulikuwa bado tunatafuta namna ya kumwambia mgonjwa. Meneja akatuwahi. Alikuja wodini na shada la maua, mchangamfu, akakaa kwenye kiti changu, na kumwambia marehemu kwamba maktaba inapiga hatua na chumba sasa kinapendeza. Dada alikuwa na mpira wa oksijeni puani, akaushusha, akauliza jambo moja, "Pini mlivuta?" Na yule bwana akamuuliza, "Pini zipi, mama?"

Pini zipi.

Nimekuwa mtu wa hasira tangu utotoni, kila anayenifahamu analijua hilo, nimewahi kurusha bisibisi dirishani kwa ajili ya jokofu la mtu, lakini siku ile sikusema neno, kwa sababu dada alinishika kifundo cha mkono, akanishika kwa nguvu ambazo mgonjwa wa moyo hapaswi kuwa nazo, hadi mgeni wake alipoaga na kuondoka. Halafu akageukia ukutani, akalia. Mimi nimemjua kwa miaka yangu yote na sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu, hata siku tuliyomzika mumewe. Sitasamehe yale machozi, na sioni kwa nini nijifanye nimesamehe kwa kuwa tu leo tumekaa kwa adabu.

Kesho yake aliamka akauliza magunia yako wapi. Askari magereza alikwisha kuyabeba, yote, yakajaa sebuleni kwake mpaka mkewe akawa anapita kwa ubavu, na marehemu akaagiza aletewe ubao mmoja na ndoo moja ya matofali ya kijivu, kutoka gunia lolote. Wauguzi walikataa kwanza, kisha wakaona mapigo ya moyo yanatulia kila anapopanga, wakamwacha. Alijenga kwenye ile meza ya kitandani, ya kulia chakula, akiwa na binti yake, akipumzika kila baada ya matofali machache. Alianza na ncha, kama kawaida yake, kwanza ya kushoto, akaikagua kwa rula, akaibomoa, akaijenga upya, halafu ya kulia. Hiyo ya kulia ilimchukua siku nyingi zaidi kwa kuwa vidole vilishaanza kuishiwa nguvu, naye hakutaka mtu mwingine aiguse.

Alipoimaliza aliusogeza ubao pembeni, akasema imetosha. Binti yake akamwambia, "Mama, mbona katikati hakuna kitu?" na kweli hapakuwa na kitu, ncha mbili safi zinatazamana na kati yao ubao mtupu. Dada akasema katikati si pake, ni pa yule kijana. Tulidhani dawa zimempanda kichwani, tukamuuliza kijana yupi, akatutajia, kwa cheo chake, na kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kumwambia mtu kitabu chake kimepita muda. Mimi nilikataa. Nilikataa kwa maneno mengi, mengine hayasomeki hapa, na yeye aliningoja nimalize, kisha akasema, "Umemaliza? Haya, utampa wewe. Tena mbele za watu, maana nakujua, mkiwa wawili tu utampiga nao."

Dada yetu alifariki tarehe 3 Aprili 2024, alfajiri, akiwa na watoto wake wote wawili, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomhudumia kwa upole na kuvumilia matofali chini ya mito, na kwa namna ya pekee daktari wa zamu aliyekanyaga moja pekupeku na asitukane. Tunawashukuru majirani waliopika, waliotulindia watoto na waliotuazima viti hivi mlivyokalia. Tunawashukuru wajenzi wote, wafanyakazi wa zamani wa maktaba, na dada mfanya usafi aliyekataa koleo, ambaye tunaambiwa alipewa onyo kwa kukataa huko, na familia ingependa kujua kama onyo hilo bado lipo. Ofisi ya maktaba imetuletea aya moja ya kusoma hapa, inayosema mchango wa marehemu hautasahaulika na kwamba chumba cha kompyuta kitapewa jina lake. Tumekaa kama familia, tumeisoma, na tumeirudisha.

Limebaki jambo moja, na ninalifanya kwa kutumwa, hilo naomba lieleweke kwa kila aliye ndani na nje. Kama ingekuwa shauri langu, ubao huu ungezikwa naye.

Bwana Meneja, simama. Ubao ni huu hapa mezani, karibu na picha yake, na ncha zake zimepimwa, usiziguse. Katikati ni pako. Utajenga nyumbani kwako, kwenye meza yako ya kulia, kwa mikono yako, usimtume mtu, matofali utayafuata kwa askari magereza na utayachambua mwenyewe rangi kwa rangi kutoka kwenye magunia uliyoyajaza, na ukishamaliza utauleta kwa wajenzi, uunganishwe na vipande watakavyojenga upya, popote watakapopata chumba. Marehemu hakukupangia cha kujenga. Alisema tu kwamba ukishajenga hata kipande kimoja, utajua kwa nini alikuuliza lile swali.

Njoo mbele, bwana. Wabeba jeneza wameshajipanga, jua linapanda, na watu hawa wote hawataondoka hapa mpaka uje uupokee kwa mikono miwili.

Dada, nimesoma polepole. Pumzika sasa kwa amani, huyo anakuja.